Maswali ya Wasomaji: Kibali cha Ziara Kiombwe Kabla ya Michango Kukusanywa

Wasomaji wapendwa, kila muhula wa pili unapoanza, barua zinazofika katika safu hii kutoka vyuo vya Arusha na Moshi huzungumzia ziara za mafunzo kuliko jambo lingine lolote. Mwezi huu nimechagua tano. Nimekuwa mshauri wa wanafunzi kwa miaka mingi katika chuo kimoja cha mkoa wa Arusha kabla ya kustaafu, na madokezo ya kuomba kibali cha safari yamepita mezani kwangu kwa mamia. Kwa hiyo nitakayoyajibu hapa nayajibu kwa yale niliyoyaona, pamoja na yale niliyoyakosea.

*Mama, shikamoo. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika idara ya utalii ya chuo kimoja cha kati mjini Moshi. Nimeomba kibali cha kuwapeleka wanafunzi 46 wa mwaka wa pili Ngorongoro, kwenda na kurudi siku moja. Dokezo langu limerudishwa mara tatu. Kwanza niliambiwa niambatishe bajeti, kisha orodha ya majina, na sasa limerudi likiwa na neno moja tu la mkuu wa chuo: "Tujadili." Wanafunzi wamekwisha kuchanga, mwenye gari amepokea malipo ya awali, na safari ni Jumamosi ijayo. Je, uongozi hauoni kwamba unawaumiza wanafunzi? (Mhadhiri, Moshi)*

Marahaba, Mwalimu. Uchungu wako naufahamu, na nitaanza kwa kukubaliana nawe katika jambo moja: kiongozi anayerudisha dokezo mara tatu, kila mara kwa kasoro moja mpya, anamtesa mtu aliye chini yake bila sababu. Kasoro zote zilipaswa kuandikwa siku ya kwanza, kwenye karatasi moja. Neno "tujadili" pia ni nusu ya kazi, maana mjadala usiopangiwa siku wala saa hauna tofauti na kukaa kimya.

Lakini hebu tuichukue safari yako tuipige hesabu, kwa sababu nadhani mkuu wako wa chuo ameipiga na hakupata namna ya kukuandikia. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Kutoka Arusha kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu hadi Karatu, kisha geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, ni kilomita nyingine 160 hivi. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye maeneo ya makazi kikomo ni 50. Nawe unajua idadi ya makazi yaliyopo kati ya Boma Ng'ombe, Usa River, Tengeru na Kisongo, kabla hujaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu. Kwa mwendo halali, hizo ni saa tano au zaidi kwa upande mmoja. Mkiondoka Moshi saa 10 alfajiri mtafika getini saa 3 na nusu asubuhi, mtamaliza malipo na ukaguzi saa 4 na nusu, na ili dereva awafikishe nyumbani kabla ya usiku mkubwa itawalazimu kugeuza saa 9 alasiri. Huyo dereva aliyeamka saa 9 usiku ili kuwachukua ndiye atakayekuwa bado ameshika usukani saa 2 na nusu ya usiku unaofuata, wanafunzi 46 wakiwa wamelala nyuma yake.

Kuna jambo la pili ambalo halimo katika barua yako. Basi haliruhusiwi kuteremka ndani ya kreta, yaani lile shimo kubwa la volkano ya kale waliko wanyama. Huko huingia magari yanayovuta magurudumu yote manne pekee. Kwa wanafunzi 46 na walimu wao mtahitaji magari saba au nane ya aina hiyo, na ada ya kuteremka hulipwa mbali na ada ya kuingia. Mkiishia ukingoni, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 na ukungu wa asubuhi, mtaona mandhari nzuri na mtapata baridi ambayo kijana wa Moshi hajaizoea, lakini somo la usimamizi wa wanyamapori mliloliendea litabaki chini, mita 600 hivi kutoka mliposimama. Nakuuliza kwa nia njema kabisa: je, hayo uliyaeleza katika dokezo, au uliandika "ziara ya mafunzo Ngorongoro" na jumla ya fedha?

Nitakueleza kwa nini nauliza. Asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, niliitwa getini mwa chuo chetu saa 11 alfajiri kwa sababu walinzi walikuwa wamekataa kulifungulia basi lisilokuwa na kibali. Nilikuta wanafunzi zaidi ya hamsini wamevaa fulana mpya za ziara, mabegi mgongoni, wengine wameshika vyombo vya chakula walivyopika usiku kucha. Mwalimu alinipa karatasi, nikaiweka juu ya boneti na kuitia sahihi kwa mwanga wa simu yake. Nilipoinama niliona tairi la mbele la upande wa kushoto likiwa kipara kabisa, hata nyuzi zimeanza kuonekana pembeni. Nilimuuliza dereva, akasema atalibadilisha Makuyuni. Nikakubali. Mungu alisaidia, wakaenda na kurudi salama, lakini sahihi ile imenikosesha usingizi mara nyingi kuliko barua yoyote ya kumfukuza mwanafunzi niliyowahi kuandika. Nilijua wakati ule ule kwamba sikuwa na uwezo wa kusema hapana. Fedha zilikuwa zimeliwa, chakula kimepikwa, vijana wanaimba. Nilichokitia sahihi hakikuwa kibali, kwa sababu anayetoa kibali lazima awe bado anaweza kukataa.

Njia utakayopita Jumamosi, kati ya Mto wa Mbu na Karatu, inapita Rhotia. Tarehe 6 Mei 2017 mahali hapo basi dogo lililokuwa likiwapeleka wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha kwenye mtihani wa ujirani mwema liliingia korongoni. Wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu tu ndio waliookoka. Sisi tuliokuwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid siku ya kuwaaga tuliona yale majeneza, na sidhani kama yuko mlezi wa wanafunzi katika mkoa ule ambaye tangu siku hiyo hutia sahihi ya safari kwa wepesi. Sisemi kwamba karatasi ingewaokoa wale watoto. Nasema kwamba mkuu wako wa chuo, anapoona Karatu katika dokezo lako, haoni utalii peke yake.

Kwa hiyo, Mwalimu, ahirisha Jumamosi. Mwombe mwenye gari ahamishe tarehe badala ya kudai fedha zako, kwani wengi hukubali wakipewa siku ya uhakika. Kisha andika dokezo upya, na safari hii lianze na somo: wanafunzi wanakwenda kujifunza nini, kwa mada ipi ya mtaala, na watafanya kazi gani wakirudi. Lieleze ratiba ya saa kwa saa, pamoja na saa ambayo mkichelewa kuifikia mtageuza hata kama hamjamaliza. Taja namba ya gari, leseni yake ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), tarehe ya mwisho ya bima, na daraja la leseni ya dereva. Kwa gari la abiria 30 au zaidi daraja linalotakiwa ni C, na usikubali kuambiwa kwamba C1, lililo la magari ya abiria wachache zaidi, "inatosha kwa leo." Mtu wa chuo, afisa usafirishaji au wewe mwenyewe, alione gari hilo kwa macho siku mbili kabla, si picha yake iliyotumwa kwa simu. Taja madereva wawili, walezi wa kiume na wa kike, na hospitali mtakayokimbilia katika kila kipande cha njia. Ukipanga siku mbili, mkalala Karatu na kuingia Lodoare alfajiri, utaona hesabu yote inakaa sawa.

Kama fedha za kulala hazipo, wapeleke Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kutoka Moshi ni mwendo wa saa mbili hivi hadi geti la Ngongongare, na ndani ya siku moja watawaona twiga, mbega na ndege wa maziwa ya Momella, na wanaweza kutembea kwa miguu wakiongozwa na askari wa hifadhi. Wapo wahadhiri wa utalii wanaoidharau hifadhi hii kwa kuwa haina simba. Wanafunzi wangu wa zamani walioandika ripoti bora kabisa walitoka huko.

Jambo la mwisho, ambalo hukwamisha wengi getini: ada za hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, wala si taslimu mkononi mwa mtu, na viwango vya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti mno na vya wageni wengine. Ukiwa na mwanafunzi mmoja kutoka Malawi na hukumweka katika bajeti, utashangaa. Barua ya chuo ya kuomba kiwango cha wanafunzi ipelekwe mapema, majina yakiwa yameambatishwa na kila mmoja akiwa na kitambulisho chake.

*Shikamoo Mama. Mimi ni waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi ya chuo chetu hapa Arusha. Baada ya mitihani tunataka kwenda kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka kujipongeza, watu kama 60. Mshauri wa wanafunzi anasema lazima tuombe kibali, lakini sisi ni watu wazima, ni siku ya mapumziko, na fedha ni zetu. Kwa nini chuo kiingilie? (Waziri wa Michezo, Arusha)*

Marahaba, mwanangu. Kama marafiki sita mmechangishana nauli mkapanda basi hadi Boma Ng'ombe, kisha mkachukua bodaboda hadi chemchemi, chuo hakiwahusu, na mshauri wenu akiwafuata huko atakuwa amepitiliza. Lakini wewe hujaeleza safari ya marafiki. Unaandika ukiwa waziri. Tangazo mmelibandika kwenye ubao wa chuo. Michango inakusanywa katika ofisi ya serikali ya wanafunzi. Na nina hakika bango litakalofungwa mbele ya basi litakuwa na jina la chuo. Mzazi anayemruhusu binti yake kwa kuwa ameona jina hilo ameweka imani kwa chuo, hajaiweka kwako. Kwa sababu hiyo chuo kina haki ya kuuliza, tena kina wajibu.

Na Chemka hasa ni mahali pa kuulizwa. Maji yale ni maangavu kiasi kwamba unaona mizizi ya miti na samaki chini, na uangavu huo ndio unaodanganya, maana kina chake huonekana kifupi kuliko kilivyo. Pale kwenye kamba ya kujirusha, asiyejua kuogelea hujirusha kwa kuwa wenzake wamejirusha. Kati ya wanafunzi 60 kutoka vyuo vyetu vya bara, wanaojua kuogelea kwa kweli hawazidi wachache. Ungekuwa umekuja ofisini kwangu ningekuuliza maswali matatu tu: nani kati yenu atakaa nje ya maji, mkavu, akiwatazama wengine kwa zamu, pombe itaruhusiwa saa ngapi (jibu sahihi ni kwamba haitaruhusiwa kabla wala wakati wa kuogelea), na orodha ya walioingia garini iko kwa nani.

Hilo la orodha nitalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu viongozi wa wanafunzi hulidharau. Tuliwahi kurudi kutoka Momella, nikaita majina 41, na sauti 41 zikaitika. Njiani binti mmoja akaanza kutapika na kulegea, tukampeleka hospitali, nikampigia simu mzazi kwa namba iliyokuwa mbele ya jina lake. Mama akapokea na kuniambia, kwa mshangao, kwamba mwanawe yupo naye nyumbani, anamenya ndizi jikoni. Kumbe binti wa kwenye orodha alikuwa ameuza nafasi yake kwa mwenzake wa chumbani usiku wa kuamkia safari, na mwenzake aliitikia jina lisilo lake siku nzima. Daktari aliponiuliza kama mgonjwa ana pumu au mzio wa dawa yoyote, sikuwa na jibu. Nilikuwa hata sijui jina lake. Alipona, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo, orodha yangu ilifungwa jioni ya kabla ya safari, nakala moja ikabaki kwa mlinzi wa getini, na kila aliyepanda alipanda kwa kuonyesha kitambulisho. Nafasi iliyoachwa wazi ilikwenda wazi.

Ombeni kibali mapema. Mshauri wenu akiona mmekwisha kupanga hayo, atakuwa wa kwanza kuwatetea.

*Mama, tunapoomba kibali cha ziara, je, ni lazima wazazi watie sahihi? Na fomu za afya za wanafunzi zitunzwe wapi? (Katibu wa Idara, Moshi)*

Kwa sheria zetu mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Aliyetimiza umri huo hutia sahihi mwenyewe, na kumdai barua ya baba ni kumvunjia heshima. Lakini vyuo vya kati hupokea vijana waliotoka kidato cha nne, wengine wakiwa na miaka 16 au 17, na hao sahihi ya mzazi au mlezi ni lazima. Kwa wote, watu wazima kwa vijana, chukueni jina na namba ya mtu wa kupigiwa simu.

Fomu za afya zimo katika mambo yanayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023. Nimeona kwa macho yangu orodha yenye safu ya "ugonjwa" ikisambazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima, na kijana mwenye kifafa akaacha kuja darasani kwa wiki mbili. Fomu ziwe ndani ya bahasha iliyofungwa, mkononi mwa kiongozi wa msafara na mhudumu wa afya kama yupo, na baada ya safari zirudi kwenye kabati lenye ufunguo au ziharibiwe.

*Nimepewa masurufu ya ziara ya wanafunzi, na mhasibu anakataa marejesho yangu kwa sababu baadhi ya watu tuliowalipa njiani hawatoi stakabadhi. Nifanyeje? (Mkufunzi, Arusha)*

Mhasibu yuko sahihi, ingawa najua haikufurahishi. Chakula, malazi na mafuta vilipwe kwa wanaotoa stakabadhi za mashine, na hao mkubaliane nao kabla hamjaondoka. Kwa malipo madogo yasiyokwepeka, kama ujira wa mzee wa kijiji aliyewaongoza kwenye maporomoko ya Materuni, andaa karatasi ya kusaini malipo yenye jina, kiasi, sababu na sahihi, na uombe mhasibu aikubali kwa maandishi kabla ya safari. Ukimpelekea baada ya kurudi, atakuwa na haki ya kukuangalia kwa shaka.

*Shikamoo Mama. Nasoma mwaka wa kwanza hapa Arusha. Idara yetu imetangaza ziara ya siku mbili Olduvai na kila mmoja atoe shilingi 85,000 ndani ya wiki mbili. Ripoti ya ziara ina alama 20 kati ya 100. Mama yangu anauza mboga soko la Kilombero na sina pa kuipata fedha hiyo. Mwalimu amesema asiyekwenda atapata sifuri. Ninaona aibu kuliuliza darasani. (Mwanafunzi, Arusha)*

Marahaba, binti yangu. Usione aibu, maana aibu hii haikupaswa kuwa yako. Ziara yenye alama ni sehemu ya kozi, na gharama ya kozi hutangazwa katika muundo wa ada kabla mwanafunzi hajajiunga, ili mama yako ajue tangu mwanzo anachotakiwa kulipa. Kuitangaza katikati ya muhula kwa wiki mbili, na kuifungia alama 20, ni kosa la aliyeomba kibali hicho na la aliyekitoa bila kuuliza wasio na uwezo watafanyaje. Katika madokezo niliyoyapitisha nilidai aya moja inayoeleza kazi mbadala yenye alama zile zile, na dokezo lililokosa aya hiyo nililirudisha.

Ninyi mlio Arusha mnayo bahati. Makumbusho ya Elimu Viumbe, katika boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, yana sehemu inayoeleza asili ya binadamu, ikiwemo habari ya Olduvai na ya nyayo za Laetoli, na kutoka katikati ya mji unafika kwa miguu. Mwanafunzi anaweza kukaa pale siku nzima na daftari lake, akatoka na ripoti yenye uzito kamili.

Andika barua fupi kwa mkuu wa idara, nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Sema huna uwezo wa kulipa kiasi hicho, usieleze habari za nyumbani zaidi ya hapo, na omba kazi mbadala ukiitaja makumbusho hiyo. Ipeleke kabla ya Ijumaa, wakati orodha ya majina haijafungwa, na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wakikataa, niandikie tena.